Kibati Kilichonyooshwa

Kila asubuhi ya juma lile la mazoezi ya kazi, Pihla alishuka kwenye basi saa mbili mbele ya maabara ya fizikia ya Otaniemi, Finland, akakung'uta theluji viatuni, kisha akavaa koti jeupe lililomzidi mikono. Yeye na mwanafunzi mwenzake, Oiva, walisafisha vibati vya alumini kwa spiriti, viwili viwili, wakamkabidhi mtafiti Kaarina. Tangu bibi yake azikwe wiki tatu nyuma, Pihla alifanya kila jambo hivyo: kwa usahihi, bila kuhisi chochote.

Kaarina alikuwa amevipasha vibati moto tanurini ili atomi zake zijipange sawasawa. Sasa aliweka sodiamu nururifu katikati ya kila jozi, kama jibini kati ya vipande viwili vya mkate.

"Sodiamu hii inatoa positroni, chembe ndogo mno iliyo kinyume cha elektroni," aliwaeleza. "Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili zinatoweka, inabaki miale tu. Lakini ikiangukia pengo ambamo atomi imekosekana, inanaswa humo na kuishi muda mrefu kidogo. Mimi napima umri wake, ambao ni sehemu ndogo mno ya sekunde."

"Umri gani huo?" Oiva alicheka. "Hata chafya yangu ni ndefu zaidi!"

Siku ya Jumanne kibati kimoja kilimponyoka Pihla, akakikanyaga. Kilipinda. Alikinyoosha juu ya meza mpaka kikalala sawa, akakirudisha kwenye jozi ya nne. Hakuona aibu wala hofu.

Alhamisi, kahawa ya Kaarina ilipoa bila kuguswa.

"Jozi ya nne ni mbovu," alisema akiikazia macho kompyuta. "Positroni zinakaa mno. Tanuri limenihadaa. Na vibati vyote kumi na viwili vilipashwa pamoja, kwa hiyo siwezi kuviamini. Kazi ya majira yote ya baridi, kesho naitupa."

Oiva alimgusa Pihla kwa kiwiko. "Na wewe mbona umeganda kama samaki wa sokoni?"

"Ni mimi," Pihla alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Nilikikanyaga kimoja, nikakinyoosha."

"We! Siku mbili zote umekaa kimya?"

"Oiva, hebu kalete maandazi," Kaarina alisema. Mlango ulipofungwa, akamgeukia Pihla. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kilionekana kizima." Pihla alisita. "Hata mimi watu wananiona mzima, lakini tangu tumzike bibi sihisi chochote."

Kaarina alikichukua kile kibati kwa koleo ndogo, akakigeuza mwangani.

"Ulipokinyoosha uliondoa mkunjo tu. Mapengo yalibaki ndani. Twende tanurini."

Kesho yake mchana, baada ya kupashwa moto na kupimwa tena, jozi ya nne ililingana na nyingine tano. Oiva alipiga makofi. Kaarina alivuta kiti karibu na Pihla.

"Kukikanyaga lilikuwa kosa dogo," alisema. "Kimya chako ndicho kilichokaribia kuniharibia kazi. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Usingoje kwanza moyo usikie kitu. Na hilo la bibi yako, mwambie mama yako leo."

Ndani ya basi, Pihla alivua glavu, akampigia mama yake simu.

"Mama, namkumbuka bibi."

Vidole vyake vilianza kuuma, kama viumavyo vikitoka baridini. Hakuvirudisha ndani ya glavu.