Tukishamaliza Marumaru

Ndugu zangu mnaosali pamoja, nanyi mnaosali peke yenu kwa sababu mnazozijua wenyewe, tulieni kidogo, maana habari hii ni yetu sote. Ilitokea Kibamba, kwenye kile kilima cha nyuma ya barabara ya Morogoro, ambako nyumba nyingi hupata watu ndani kabla ya kupata rangi nje.

Jumamosi moja asubuhi mvua ilikuwa imekatika na nyumba ya jirani watu walikuwa wanaimba. Ilikuwa Jumuiya ya Mtakatifu Ana, ambayo husali kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka zamu izunguke nyumba zote. Sauti zilifika hadi chumbani kwa Bibi Editha. Bibi alikuwa ameshaamka, amevaa kitenge chake cha kutokea, rozari mkononi, anaitikia wimbo polepole akiwa amekaa kitandani. Mtu angepita pale dirishani angesema nyumba hii ina amani.

Chumba cha pili, mkwe wake Auleria alikuwa amelala chali, anayaangalia mabati kwa sababu dari haikuwepo, na roho inamchemka.

"Auleria mwanangu," Bibi akaita, "zamu yetu ni lini?"

"Bado, Mama."

"Na mwaka jana ulisema bado."

"Tukishamaliza nyumba, Mama. Watu hawawezi kuja humu."

Bibi akarudi kwenye wimbo wake. Alikuwa ametoka Muleba alipofiwa na mume, akaja kuishi na mwanawe Theonest, mume wa Auleria. Miguu ilikuwa imevimba na kanisani hafiki. Alichokitaka hapa mjini kilikuwa kimoja tu, jumuiya ije isali nyumbani kwa mwanawe, naye asimame ashukuru mbele ya watu kwa umri aliojaliwa. Siku hiyo alikuwa ameifumia kitambaa cheupe cha meza. Kilikaa kwenye mfuko wa nailoni chini ya mto wake, na pembeni kilishaanza kugeuka manjano.

Msimwone Auleria mtu mbaya. Bibi alioga maji ya moto kila siku na uji wake haukuchelewa hata siku moja. Ugonjwa wa Auleria ulikuwa kwenye macho. Kazi yake ni kushona mapazia, na wateja wake wengi wako Mbweni, kwenye zile nyumba mpya. Alikuwa anapanda ngazi na futi kamba mkononi, anapima madirisha marefu, huku anajipima na maisha ya wenye nyumba. Akirudi Kibamba, kuta zake anaona zimemnunia.

Siku moja huko Mbweni mteja wake, Bi Mahfudha, mama mtu mzima mwenye maduka, alimwekea chai na kitumbua na hakutaka aondoke upesi.

"Kaa kidogo, mwanangu," alimwambia. "Nyumba yote hii, na leo siku ya nne sijasikia mtu akipiga hodi. Wewe huko kwenu majirani mnao?"

"Wapo wengi mno, Bi mkubwa," Auleria akajibu, jicho lake likiwa sakafuni. Maneno yalipita kama upepo. Alichobeba kurudi nacho kilikuwa picha ya marumaru kwenye simu.

Na mwanzo wa yote ulikuwa jumuiyani kwenyewe, tusijifiche. Zamani Auleria alikuwa hakosi. Ila siku waliposali kwa mama mmoja aliyekuwa ametoka kumaliza nyumba, wanawake wawili waliisifia sakafu kuanzia salamu hadi sala ya mwisho. "Hapa unakula ugali chini bila sahani," mmoja akasema. Auleria akacheka nao, akarudi kwake, akaitazama saruji yake iliyopasuka, na tangu siku ile hakuenda tena. Tunaweza kumuua mtu kwa sifa tunazompa mwenzake, na tukaenda zetu kunywa chai.

Mwezi wa nne Mzee Albano, mwenyekiti wa jumuiya, akapiga hodi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Zamu imewafikia, Jumamosi hii."

"Mtatuwia radhi, Mzee wangu. Fundi anaanza kuweka marumaru kesho."

"Mara ya kwanza tulisubiri plasta. Mara ya pili madirisha."

"Ndiyo hivyo, Mzee."

"Basi tutakaa nje, mikeka tunayo. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Nje kwenye matope hayo? Mie sitaki watu waje kunihurumia."

Mzee alimtazama, si kwa hasira. "Mama, hatuji kukagua nyumba," alisema, akashika mwavuli wake akaondoka. Jioni ile ile Auleria akajitoa kwenye grupu la jumuiya. Upande wa pili wa ukuta Bibi alikuwa amesikia kila neno.

Fundi akaanza na chumba cha Bibi. Akasema mtu asikanyage humo siku mbili, na sebuleni ni vivyo hivyo. Chumba cha Auleria kilijazwa maboksi ya marumaru na vyombo vyote vya nyumba, pakabaki pa kulala mtu mmoja. Theonest, ambaye ni fundi umeme na alikuwa kazini Dodoma, alipiga simu akasema kwa kifupi, "Mama akalale kwa Mama Allen, hapo jirani."

Mama Allen mwenyewe angefurahi. Lakini Auleria alimwona Bibi akihamia kule, akaona na maswali yatakayofuata. Wanajumuiya watauliza mbona zamu inaruka, mbona amejitoa. Akaona aibu. Akamtandikia Bibi godoro kwenye banda la jikoni, nje, akaning'iniza pazia zito mlangoni, pazia zuri tu la mteja wa Mbweni. Na simu ya Theonest akaijibu kwamba Mama yuko salama.

Masika haijali pazia. Siku ya kwanza Bibi alikohoa kidogo, akasema ni moshi. Siku ya pili hakumaliza uji. Jumamosi asubuhi Auleria alipoingia bandani alimkuta amejiinamia, midomo imebadilika rangi, kila pumzi anaivuta kwa kazi. Mkono ulikuwa wa moto. Mto aliuacha ndani, lakini mfuko wa nailoni alikuja nao, uko kifuani.

Auleria akapiga simu kwa dereva wa bajaji. Dereva akafika chini ya kilima, akajaribu mara mbili, akasema tope halipandiki, mgonjwa ateremshwe. Ateremshwe na nani? Fundi alikuwa bado hajafika. Namba za watu wa jumuiya zilikuwa kwenye grupu, na grupu alishatoka. Akasimama uani anazunguka, anaingia na kutoka, mpaka aliposikia wimbo. Zamu aliyoikataa ilikuwa imehamia kwa Mama Allen, hatua arobaini kutoka alipo.

Hatua hizo zilikuwa ndefu kuliko safari ya Mbweni. Alifika mlangoni na kanga ya kulalia, matope hadi kwenye magoti, hajui aanze na lipi.

"Hodi," akasema.

"Karibu, mama, karibu," wakaitikia wote, na aliyekuwa karibu na mlango akamsogezea kigoda kabla hajasema shida yake.

"Mama," akasema. "Mama hapumui vizuri."

Sala ilikatikia hapo hapo. Mzee Albano alifunga kitabu. Wanaume wanne walimkalisha Bibi kwenye kiti cha plastiki, wakamnyanyua, wakashuka naye kilima miguu ikizama, Mama Allen pembeni na mwavuli, wengine nyuma wanasali rozari kwa sauti. Hakuna aliyeuliza kwa nini bibi wa miaka themanini alikuwa analala jikoni. Auleria angependa wamuulize. Ingekuwa nafuu.

Hospitali walisema ni nimonia, na kwamba wamechelewa. Bibi aliishi siku tano. Kina mama wa jumuiya waligawana saa za kukaa naye, huyu na supu, huyu na shuka safi. Jumatano jioni walikuwa saba wamezunguka kitanda wakisali chini chini, nesi akajifanya hawaoni. Bibi akafumbua macho, akawahesabu kwa kidole.

"Auleria," akasema, "wamekuja."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe, Mama. Ni mimi niliyekulaza kule nje."

"Najua." Akapumzika kwanza. "Waambie nashukuru. Mimi nimechoka, waambie wewe."

Auleria akainamia shuka akalia, na ujumbe ukabaki naye. Alhamisi alfajiri Bibi Editha akaiaga dunia.

Kabla ya safari ya kumpeleka Muleba, watu walikusanyika nyumbani. Turubai lilifungwa uani, mikeka ikatandikwa juu ya yale matope, na umati ukajaa hadi kwenye uchochoro. Marumaru zilikuwa zimeshakauka, zinang'aa, sebule nzima. Watu walipita juu yake kwa ndala zenye tope kwenda kutoa jeneza, wakatoka, na hakuna hata mmoja aliyetazama chini. Msiba hukaa nje, ndugu zangu.

Katekista akaomba kitambaa cha kutandika mezani, mahali pa msalaba na mishumaa. Watu wakatazamana. Auleria akainuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni. Kitambaa kilitosha meza ile barabara. Theonest, aliyekuwa amerudi kutoka Dodoma, alipokiona alijua ni mkono wa mama yake, akaficha uso begani kwa Mzee Albano, na Auleria akalia kwa sauti mpaka kina mama wakamkalisha.

Mwezi wa saba jumuiya ilisali kwa Auleria. Aliiomba zamu mwenyewe. Korido ilikuwa bado saruji tupu na mabati bado yanaonekana. Ulipofika wakati wa shukrani alisimama.

"Mama alinituma niwaambie anashukuru," akasema. "Ujumbe umechelewa."

MAFUNZO

Kuna watu wanaosubiri wapate ndipo washukuru, wamalize ndipo wakaribishe. Hawatamaliza, maana macho yana njaa kuliko tumbo. Shukuru na saruji yako. Karibisha na uji wako. Aliyekuja kusali nawe hakuja kukagua sakafu, na kama alikuja kukagua, aibu ni yake. Wewe nawe unayesifia nyumba ya huyu mbele ya yule, funga mdomo, imba.

Na kama mlango wako umefungwa siku nyingi, usikate tamaa ukadhani umechelewa. Auleria alifika kwa Mama Allen na matope magotini, na neno la kwanza alilosikia lilikuwa karibu. Lakini usingoje mgonjwa ndipo upige hodi. Jumamosi hii zamu ikikufikia, ipokee, hasa kama ndani kwako kuna mzee aliyeamka mapema akavaa kitenge chake, anasubiri.