Waya wa Ziada wa Marehemu Kibwana

Thobias si mtu wa kuzusha. Ni jirani yetu hapa Bigwa, fundi umeme wa magari, mtu wa kuja kutoka Iringa, na kwa ubishi hana mpinzani mtaa mzima. Kwake hakuna gari lenye mashetani. Kuna waya uliokatika na fundi mvivu, basi.

Jumanne moja asubuhi, chai yake haijaisha, likaingia karakanani gari la Kijerumani la mwaka themanini na moja, limefungwa kamba, linaburutwa. Lilikuwa toleo la zile injekta za mwanzo mwanzo, ambalo mafundi wengi wakiliona husema wana udhuru. Likaja na wenyewe wawili: Bi Semeni, mama wa Kinole, kijiji cha huko juu milimani, na mwanawe Dadi, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima wa miaka thelathini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Litengeneze. Leo lazima tupande."

Gari lilikuwa la marehemu Kibwana, kaka yake Semeni. Kwa Waluguru mali ya mjomba humwendea mpwa, kwa hiyo sasa lilikuwa la Dadi, na siku hiyo alitakiwa apandishwe nalo Kinole akapewe na jina la mjomba wake. Tabu ilikuwa moja. Semeni akiendesha peke yake, linakwenda hadi Kingolwira na kurudi. Dadi akipanda, linazima.

Thobias akacheka. "Umeme haujui nani kapanda, mama."

Akafungua swichi. Pampu ya mafuta ikaunguruma, fyuzi nzima, rilei nzima. Akabana taa yake ya testa kwenye waya wa pampu, ikawaka vizuri. Akamwambia Dadi akae kiti cha abiria.

Taa ikazima.

"Shuka." Ikawaka. "Panda." Ikazima.

Uzito, akajisemea. Kiti kinabana waya. Akakitwika kiti gunia la mahindi. Taa ikawaka. Akakaa mwenyewe, ikawaka. Akakaa Semeni, ikawaka. Akampekua Dadi mifukoni, labda ana rimoti, labda watu hawa wanamchezea. Akakuta chaki mbili na leso. Dadi akarudi kitini.

Ikazima.

Semeni akaenda pembeni kupokea simu. Hapo Dadi akainama sikioni mwa fundi.

"Fundi, sema limeshindikana."

"Kwa nini?"

"Mjomba aliniambia kabla hajafa, siku gari hili likikubali kunipandisha mlimani, sitashuka."

"Si ukatae kupanda?"

"Yule ni mama yangu, fundi. Namkataaje?"

Nywele zilimsimama Thobias, na aliogopa kweli. Lakini limeshindikana ni neno ambalo hajawahi kumwambia mteja kwa miaka kumi na minane. Kiburi si maungwana, na yeye anacho cha kugawa.

Akafungua kontrol boksi chini ya dashibodi. Nyaya zote za kiwandani alizifahamu. Mmoja hakuufahamu. Mtu aliuingiza kwa mkono, kwa kazi safi ya kifundi, ukakatisha njia ya umeme wa pampu. Maungio yalifungwa kitambaa cheusi cha kaniki badala ya tepu. Upande wa pili ulining'inia tu. Haukwenda popote. Alipoushika ulikuwa na joto, joto la mkono wa mtu.

"Ukate." Semeni alikuwa amesimama nyuma yake. Hakumsikia akija. "Ukate, uunge dairekti."

Kuunga dairekti ndiyo dawa ya mafundi wetu wote. Kitu kikisumbua, kiruke. Thobias akamtazama Dadi. Dadi akatikisa kichwa, kidogo sana.

Plaizi ikauma. Waya ukatoka. Akaunga dairekti.

Dadi akakaa, na taa ikaendelea kuwaka.

"Kaka yangu alikuwa mbishi," Semeni akanong'ona. "Hata kaburini." Akamshika mwanawe kifundo cha mkono, akafunga mlango. Wakapanda mlima saa sita mchana, jua la utosi, na Dadi hakugeuka.

Saa kumi simu ikalia.

"Tumefika salama, fundi. Mungu akubariki."

"Na Mwalimu Dadi?"

"Dadi yupi, fundi? Mimi sina mtoto."

Kesho yake Thobias akaenda shuleni alikofundisha Dadi. Walimu wakamshangaa. Hawakuwahi kuwa na mwenzao wa jina hilo. Watoto wa darasa la nne peke yao ndio walioinamisha vichwa jina lilipotajwa.

Akarudi karakanani autupe ule waya. Mazoea yana taabu: kabla ya kuutupa akaupima. Akabana testa.

Taa ikawaka. Hakukuwa na betri. Waya ulikuwa peke yake juu ya benchi, na taa ikawaka, ikipanda na kushuka polepole, kama kifua cha aliyelala.

Hajakitoa kibanio mpaka leo. Mkewe, Devotha, humkuta ameinama pale mchana kweupe, wateja wanasubiri, yeye anainong'oneza ile taa: "Nisamehe, mwalimu. Limeshindikana. Nilitakiwa niseme limeshindikana."

Wiki hii mwanga umeanza kufifia. Thobias ana betri tatu mpya pale karakanani, na hajui aziunge wapi.