Mfereji Uliozibwa kwa Majina Yetu

Jumanne, tarehe 16 Aprili mwaka jana, saa tatu asubuhi, mke wangu Shamsa alikuwa amekaa barazani anachuja juisi ya ukwaju. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika. Jirani yetu Mgeni alikuwa anamtania kwamba ukwaju wake una maji kuliko bomba la mtaa, naye akamjibu, "Basi leo usinunue, kakinge bombani." Wakacheka. Mimi nikavaa ndala nikaenda kazini sokoni Kariakoo, ambako nashona midomo ya magunia ya viazi na vitunguu.

Saa tano mvua ikarudi, na safari hii haikuwa ya mchezo. Saa sita na nusu Mgeni akanipigia simu. Hakunisalimia. Alisema, "Baba Maimuna, rudi. Rudi sasa hivi."

Nilikuta maji ndani mpaka magotini. Friji la juisi lilikuwa linawaka, na waya wake ulikuwa umelala sakafuni. Shamsa alikuwa ameingia kuuchomoa, umeme ukampiga. Hapo ndipo alipokufa mke wangu wa ndoa ya miaka thelathini na moja, na hatua tatu kutoka mlangoni petu kuna mfereji mpana wa kupeleka maji baharini.

Ndugu zangu wa Kariakoo, Gerezani, Magomeni na kokote kwenye mfereji mbele ya nyumba, nawaandikia nyinyi. Niliishia darasa la tano, kwa hiyo mnivumilie. Lakini nisomeni mpaka mwisho.

Diwani wetu anaitwa Seifu Sadalla. Kabla ya siasa alikuwa mwigizaji na mchoraji. Alikuwa na kundi lake la vijana, wakicheza pembeni mwa soko. Seifu anajifunga mifuko ya plastiki mwili mzima, analala chini, anajifanya mfereji unaokata roho. Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu. Halafu anainuka taratibu, anatuambia habari za taka na bahari, na sisi wote kimya. Mwaka 2020 akagombea udiwani, akasema atakuwa diwani wa mazingira. Nilimpa kura yangu, na nikampigia debe kwa kila mbeba mizigo ninayemjua.

Shamsa hakumpa.

"Huyu kijana anaongea vizuri mno," aliniambia. "Mtu anayejua kulia wakati wowote akitaka, nitajuaje siku anayolia kweli?"

"Mama Maimuna, wewe hata muuza maji unamtilia shaka."

"Ndiyo. Na sijawahi kuharisha."

Sasa mfahamu desturi yetu ilivyokuwa. Mfereji wetu umefunikwa kwa mifuniko ya zege, kila nyumba na mfuniko wake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila nyumba inainua wa kwake kwa nondo, inachota mchanga na chupa kwa koleo. Kazi inanuka, lakini maji yalikuwa yanapita.

Seifu akaja na rangi. Kila mfuniko akauchora: samaki, kasa, pweza, ili mtu akitaka kutupa chupa amwone anayemtupia. Sisi tukapata samaki changu mwekundu. Sisemi uongo, mtaa ulipendeza. Wageni wakaanza kuja na kamera, na Seifu yuko katikati yao anaeleza.

Mwezi wa tisa mwaka 2023 tukaitwa kikao ofisi ya kata, kila nyumba watu wawili. Shamsa akakataa kwenda. "Huko mtasainishwa vitu," alisema. "Mimi siweki sahihi kwenye karatasi ambayo sijasomewa." Nikaenda peke yangu.

Jovitha, mtendaji wa kata, akapitisha karatasi. "Ya mahudhurio tu, wazee wangu. Jina na sahihi, halafu chukua soda yako pale."

Karatasi ilikuwa na mistari na namba. Juu ilikuwa nyeupe. Nikaandika jina langu. Halafu, kwa sababu tulitakiwa wawili na sikutaka nyumba yangu ionekane ya wakaidi mbele ya diwani niliyempigia debe, chini yake nikaandika la Shamsa. Nikapewa soda mbili. Ya pili nikampelekea nyumbani. Akainywa, hakuuliza kitu.

Baada ya wiki mbili mafundi wakaja na saruji, wakaziba pembeni mwa kila mfuniko. Tukaambiwa michoro inapasuka ikiinuliwa kila mwezi, na sasa litakuwa linakuja gari la kunyonya taka. Gari lilikuja siku ya uzinduzi, na ngoma, na kamera. Shamsa akamfuata Seifu hapohapo mbele za watu.

"Diwani, maji yakijaa tutafungulia wapi?"

"Shikamoo mama. Gari litakuwa linakuja."

"Marahaba. Nimekuuliza maji, umenijibu gari."

Watu wakacheka. Seifu naye akacheka, tena sana. Gari halikurudi.

Kwenye msiba Seifu alikuja, akakaa mkekani pamoja nasi, akalia. Machozi niliyaona. Mpaka leo sijui yalikuwa ya aina gani.

Arobaini ilipopita nilikwenda ofisi ya kata kuomba mfereji ufunguliwe kabla ya masika mengine. Nilikuwa na hasira, nilikuwa nimepanga maneno. Jovitha akanipa kiti.

"Pole sana, baba. Lakini kuziba haikuwa amri yetu. Lilikuwa ombi la wananchi." Akatoa faili, akanisomea: "Sisi wakazi tuliosaini hapa chini tunaomba mifuniko ifungwe kwa saruji ili kulinda michoro." Ilikuwa karatasi ileile. Kule juu palipokuwa peupe sasa pana maneno ya kalamu ya bluu.

Akashusha kidole. "Namba kumi na nne wewe. Kumi na tano huyu, ndiye marehemu?"

"Ndiye."

"Basi hata yeye aliomba."

"Hakufika kwenye kikao."

Akaniangalia. "Kama hakufika, aliyemsainia nani? Kughushi sahihi ni kesi, baba yangu."

Nikaaga.

Nikamfuata Seifu. "Mimi nilichora tu, baba," akasema. "Mambo ya saruji muulize mtendaji." Nikarudi kwa Jovitha, akasema karatasi ililetwa na watu wa diwani. Mafundi wakasema walipewa barua, barua wameirudisha. Kila mmoja alinipa pole. Watu wote hawa kunipa pole kwa sauti moja, mimi kulinitia wasiwasi.

Asubuhi moja nikaazima tindo na nyundo, nikaanza kuvunja mfuniko wetu. Mgeni akatoka na kanga yake kiunoni. Nilidhani atanizuia.

"Vunja," akasema. "Ukimaliza njoo kwangu. Wakiuliza, waambie tulikuwa wawili."

Yule changu alipasuka vipande vinne. Chini yake mchanga ulikuwa umejaa mpaka juu, koleo halina pa kuingilia. Tulichota mpaka adhuhuri. Majirani walisimama milangoni wanatutazama. Wengine walisema wanasubiri gari. Wiki iliyofuata nikapata barua ya wito, kwa kuharibu mali ya umma.

Mpaka naandika haya iliyo wazi ni mifuniko miwili tu, wangu na wa Mgeni, na mfereji ulioziba mbele na nyuma haupitishi maji kwa mifuniko miwili. Seifu amepewa cheti cha utunzaji wa mazingira, na mwaka huu amechukua fomu ya ubunge.

FUNZO

Usiweke sahihi kwenye karatasi ambayo juu ni nyeupe, hata ukiambiwa ni ya mahudhurio. Kama husomi vizuri, mwambie mtu akusomee kwa sauti, wote wasikie. Usimwandikie mwenzako jina lake bila yeye kutaka, hata kama ni mkeo na mnakula sahani moja. Kiongozi akija kupamba kitu ambacho mlikuwa mnakisafisha wenyewe, muulize mtakifunguaje, na msiondoke mpaka ajibu. Yule anayeuliza sana nyumbani kwako, msikilize. Mimi nilikuwa na mtu wa hivyo miaka thelathini na moja, nikamwita mwenye shaka.

Kosa langu nimelisema kwa binti yangu Maimuna. Aliendelea kuosha vyombo. Siku ya wito nitalisema na mbele ya Jovitha, wanifungulie kesi wakitaka. Majina mawili niliyaandika mimi. Lakini yale maneno ya juu, ya kalamu ya bluu, Jovitha anasema si mwandiko wake, na Seifu anasema si wake.

Nani aliyaandika?