Mlango Uliopinda wa Bi Verna

Alhamisi hiyo Bi Verna Kinnunen aliamshwa na pua yake. Ilikuwa baridi kama pua ya mbwa, na pua ya mtu aliyejifunika mablanketi matatu ndani ya nyumba yenye joto haina ruhusa ya kuwa hivyo. Akashuka jikoni, akavaa vifaa vyake vya kusikia, akafungua kimlango cha kuingilia gereji. Baridi ikamzaba kofi.

Mlango mkubwa wa gereji ulikuwa umenyanyuka mpaka usawa wa magoti, ukakwama hapo. Pande lake la juu lilikuwa limekunjika katikati kama boksi lililokaliwa na mtu mnene. Gari lilikuwepo. Ile mashine nyekundu ya kuondolea theluji, urithi wa marehemu mumewe Toivo, haikuwepo.

"Dale! Shuka! Tumeibiwa!"

Mwanawe, aliyekuwa amekuja kumtembelea, alishuka amevaa sweta mbili na kofia ya sufu, maana miaka ishirini ya Arizona ilikuwa imemfanya mgeni katika baridi ya kwao. Akautazama mlango, akamtazama mama yake, akasema kwa ule upole unaouma kuliko matusi:

"Mama, umebonyeza kitufe cha mlango tena ukasahau."

Hiyo "tena" ndiyo iliyomchoma. Jumatatu mlango ulikutwa wazi alfajiri, gereji yote imejaa theluji, na Bi Verna kwa aibu akatoa ahadi: likitokea tena, atauza nyumba na kuhamia makao ya wazee aliyotafutiwa na Dale huko Phoenix, Arizona, penye jua na mchezo wa bingo.

Kwa hiyo akapiga simu polisi. Pengine katika mji mzima wa Duluth hakuwepo mwanamke mwingine asubuhi ile aliyekuwa akimwomba Mungu awe ameibiwa.

*

Mpelelezi Renae Bergstrom alifika saa mbili na nusu, akiwa na simu isiyotulia mfukoni. Mlango wa gereji ya kwake nao ulikuwa mbioni kufa, na mumewe, Todd, alikuwa akimtumia picha za milango tangu kuche. Mweupe? Wa kahawia? Wenye vidirisha? Renae hakujibu. Alikuwa mtu asiyejua kukaa, na kesi ndogo zilimwasha kuliko kubwa.

Alizunguka gereji mara mbili, akachuchumaa. Ukanda wa mpira unaofunga upenyo wa chini ya mlango ulikuwa umechanika vibaya. Nusu yake ilibaki sakafuni, imeshikwa na barafu.

"Jana ulirudi saa ngapi, Bi Verna?"

"Saa tatu kasoro, kutoka mazoezi ya kwaya. Gari lilikuwa limebeba theluji nusu ya ziwa."

"Ikayeyuka humu, ikatiririka mpaka mlangoni, ikaganda. Mashine yenyewe ina urefu gani?"

Bi Verna akaweka mkono usawa wa kitovu. "Hapa."

"Hulazwa?"

"Toivo alijaribu kuilaza siku moja. Akalazwa yeye, hospitali, siku nne."

Renae akapima kwa jicho ule upenyo wa magotini. Akatikisa kimlango cha pembeni, kile cha kutokea ua wa nyuma. Kilikuwa kimefungwa, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari jikoni.

Dale hakutulia. Alikuwa akienda dirishani na kurudi. "Afande, unataka mwizi? Mtazame yule pale." Akamwonyesha mzee wa nyumba ya jirani aliyekuwa akichota theluji kwa koleo. "Gordy Pelto. Mashine yake imekufa tangu Krismasi. Na leo kabla hatujaamka keshafagia mbele ya gereji yetu yote. Kama kulikuwa na alama za magurudumu, nani kazifuta?"

"Gordy hufagia kwangu kila ikianguka theluji, tangu nilipoanguka Novemba nikaumia nyonga!" Bi Verna akang'aka. "Na mimi humpelekea mkate wa iliki. Ndivyo watu wanavyoishi, Dale."

"Mama, wewe Jumatatu ulisema hukugusa mlango."

Vidole vya Bi Verna vilianza kusokota ncha ya aproni, vikaisokota mpaka ikawa kamba.

*

"Nimefuta ushahidi?" Gordy Pelto aliegemea koleo lake. "Afande, nilikuwa nafanya ujirani mwema! Ningejua ujirani ni kosa la jinai, ningebaki kitandani."

"Ulianza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na robo. Theluji iliacha kuanguka usiku wa manane, na mbele ya ule mlango ilikuwa laini kama shuka la hoteli. Hata paka hakupita."

"Kwa nini hukuwaamsha ulipoona mlango umepinda?"

"Kulikuwa na giza, na nilidhani Verna yuko ndani anapambana nao. Mwanamke akipambana na mlango wake, usiingilie. Nimeoa mara mbili, najua. Karibu ndani, utaganda."

Akamwongoza mpaka gereji yake, akaupiga mlango teke kwa chini, kushoto, katikati, kulia, ndipo akabonyeza kitufe. Mlango ukapanda kwa kelele za kizee. Ndani hamkuwa na mashine nyekundu. Kulikuwa na gari lake, mashine ya njano iliyofumuliwa injini, na vyombo vya kuvulia samaki vya kutosha kumaliza ziwa.

"Nani mwingine amekuja kwa Bi Verna wiki hii?"

"Yule muuza milango, Brent Halvorson. Jana. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, 'Mama, mlango huu hautamaliza wiki.'"

Renae akashtuka kidogo. Haukumaliza hata siku.

*

Saa nne Renae alikuwa dukani kwa Brent Halvorson, kati ya milango iliyosimamishwa kama wanajeshi kwenye gwaride.

"Kweli nilisema hautamaliza wiki," Brent alikiri bila haya. "Humwambia kila mteja! Wa kwako ukoje?"

"Unalia kama mbuzi."

"Hautamaliza wiki."

"Jana usiku ulikuwa wapi, bwana mcheshi?"

"Mji wa Thief River Falls, mbali huko, kwenye mechi ya hoki ya binti yangu. Tulilala hukohuko. Tumefungwa saba kwa moja. Waulize waliotufunga, mpaka sasa wanacheka."

Renae akaandika ili athibitishe baadaye. Kisha miguu ikampeleka yenyewe kwenye mlango wa kwanza. Akaubonyeza kwa kidole gumba. Bati likadidimia kama kopo la soda.

"Huo ni bati moja tupu," Brent alisema. "Ni wa bei ya kutupa, na utautupa kweli. Wa Verna ni ndugu yake. Gusa huu."

Huu haukubonyea. Ulikuwa na mabati mawili yenye povu gumu katikati, na upau wa chuma pale juu mkono wa mota unaposhika. Mpira wake wa chini ulikuwa laini, si ule unaokuwa mgumu kama ubao baridi ikizidi. Renae akaugonga; ukatoa sauti nzito, ya mtu aliyeshiba.

"Kwa hiyo wa Bi Verna," akasema taratibu, "mota imevuta kwa juu, huku chini kumeganda. Chini kukakataa, juu kukakunjika."

"Hivyo hasa. Huu ungekataa na ukabaki mzima. Na mota ikipimwa vizuri, ikihisi mlango mzito hujizima yenyewe."

Maana yake hakuna aliyeuvunja kutoka nje. Mtu alibonyeza kitufe tu.

"Bi Verna alikuwa anataka huu wa pili?"

"Alishauchagua! Rangi ya kijani, vidirisha juu. Nikiwa natoka, mwanawe akanivuta pembeni: nisisumbuke kurudi, nyumba inauzwa kabla ya Machi. Nikageuka kumtazama mama wa watu, yuko dirishani ananipungia mkono, anacheka. Nikajua hana habari."

Simu ya Renae ikatetemeka. Mlango mwingine. Akaizima kabisa.

*

Alirudi kwa Gordy, akaomba kutazama kupitia dirisha lake la jikoni, linalotazama ua wa nyuma wa Bi Verna. Mguu wake mmoja ulikuwa ukipiga sakafu bila yeye kujua. Ngazi za mbele za nyumba ile zilikuwa bado zimefukiwa, aliziona alipopita. Lakini nyuma, kutoka kimlango cha pembeni cha gereji hadi kibanda cha sauna, lile bafu la mvuke, kulikuwa na njia iliyochotwa theluji kwa uangalifu.

"Ile ni kazi yako?"

"Ya sauna? Sauna ni Jumamosi, afande. Leo Alhamisi. Nani achote njia ya sauna Alhamisi?"

Renae akavuka ua. Ndani ya kibanda, nyuma ya rundo la kuni, mashine nyekundu ya Toivo ilikuwa imefunikwa mataulo kama mgonjwa.

Alisimama akiitazama bila furaha. Mwizi wa nje hakuwepo. Walikuwepo watu wawili ndani ya nyumba, na mmoja alishaanza kuamini kwamba akili yake inamtoroka. Akiwaambia mashine iko sauna, Dale atasema: unaona, Mama, umeipeleka mwenyewe ukasahau. Na yule mama atasaini kuuza nyumba.

Akarudi kwa Gordy. "Bwana Pelto, chomoa waya wa mota yako. Kisha nenda kawaite wote wawili, uje nao gereji kwako kupitia mlango wa jikoni. Na ukisema neno moja nitakukamata kwa ujirani mwema."

*

Saa sita kasoro walikuwa wanne ndani ya gereji ya Gordy, mlango mkubwa umefungwa, taa moja inamulika. Renae alikuwa akitembea huku na huku.

"Nataka kuiona vizuri hii mashine ya njano. Dale, tufungulie mlango tupate mwanga."

Dale akaenda moja kwa moja ukutani, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. "Haufanyi kazi."

"Jaribu wewe, Bi Verna."

Bi Verna alikuwa katikati ya kumsimulia Gordy jinsi sauti ya tatu ya kwaya inavyoimba kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Hakuacha kusimulia. Akausogelea mlango, mguu ukapiga teke kushoto, katikati, kulia, ndipo akageuka kwenda kwenye kitufe. Akabonyeza. Kimya.

"Gordy, umeme wako umekatika," akasema. Kisha akaona wanavyomtazama. "Nini? Nimefanya nini?"

"Umepiga teke," Renae alisema.

"Si lazima nipige? Utabonyezaje mlango ulioganda bila kuugandua? Utaupinda!"

Neno likamtoka, nalo likabaki hewani. Bi Verna akageuka polepole kumtazama mwanawe.

"Teke halithibitishi kitu," Dale alisema haraka. "Mtu anaweza kusahau hata teke."

"Anaweza. Lakini mashine iko sauna, Dale. Ilitoka kwa kimlango cha pembeni, kwa sababu chini ya ule mlango haipiti hata ukiiomba. Magurudumu yakaacha alama kwenye theluji, mtu akachota njia nzima kuzifuta, akasahau kuchota ngazi za mbele. Mama yako tangu aanguke Novemba nyonga yake haiwezi kuchota hata theluji ya kikombe. Gordy angepiga teke. Brent angepiga teke. Hata mimi kwangu hupiga. Mji huu mzima, mtu pekee anayebonyeza tu ni yule anayeishi penye jua."

Dale alivua kofia yake ya sufu, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilitaka ufunguke tu," akasema. "Niuache wazi kidogo, mashine niifiche, uamini kusahau kwako kumeleta wezi. Niliposikia bati linalia nikaogopa, nao mlango ukagoma kushuka."

"Sikusikia," mama yake akanong'ona.

"Ulikuwa umevua vya masikioni, Mama. Nilijua." Akaikamua kofia. "Ulilala kwenye barafu Novemba dakika arobaini. Arobaini! Mimi niko Phoenix, nakaa na simu mkononi kama bomu. Kila ikilia usiku najua ndiyo hiyo. Nimekuomba mara ngapi? Unacheka tu, unanipa mkate."

"Na Jumatatu?"

Dale akainamisha kichwa.

"Dale Toivo Kinnunen. Na Jumatatu?"

"Mimi."

Gordy akatazama nyavu zake za samaki kama anazihesabu. Bi Verna alikaa juu ya kreti.

"Tangu Jumatatu sijalala," alisema. "Nimekuwa nikiamka kuhakikisha jiko limezimwa. Juzi nimejiandikia jina lako kwenye karatasi nikaiweka chini ya mto, nikilisahau nilione. Kuanguka naweza, mwanangu. Nimeanguka, nikainuka. Lakini wewe ulinifanya nijiogope mwenyewe."

Dale akapiga magoti kwenye zege lile la baridi. Hakumgusa mama yake, hakuthubutu.

Renae alikuwa ameacha kutembea, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Bi Verna, uamuzi ni wako. Ukitaka tumshtaki kwa kutoa taarifa za uongo na kuharibu mali, naanza sasa hivi."

"Mashine ni yangu na imo kwangu. Wizi hakuna." Akajifuta macho kwa aproni. "Lakini taarifa utaandika?"

"Lazima niandike."

"Basi andika kwamba Verna Kinnunen hakusahau mlango. Jumatatu hakusahau, na leo hakusahau. Andika kwa herufi kubwa, maana kuna watu hawaoni vizuri."

Renae akaandika, ameegemea boneti la gari la Gordy, kwa kalamu iliyokuwa ikigoma kwa sababu ya baridi. Bi Verna akaipokea karatasi, akaisoma, akairudia. Kisha akamwinamia mwanawe aliyekuwa bado magotini, akamkabidhi.

"Soma," alisema. "Kwa sauti. Nimevaa vya masikioni."