Mlango wa Tata Warigia

Siku watu wa filamu walipofika Majengo ya Nyeri, Tata Warigia alikuwa nje ya chumba chake akishona kola ya shati, na hakuinua hata macho. Tata ni dada mdogo wa mama yangu. Alikuwa fundi cherehani, na kidole chake cha shahada kilikuwa kimepinda tangu sindano ilipokitoboa ujanani. Maneno yake yalikuwa machache, na yalipungua zaidi baada ya Murugi, mtoto wake wa pekee, kuchukuliwa na homa. Tata mwenyewe alikuwa amelazwa kwa homa hiyo hiyo, hajitambui. Alipozinduka, mtoto alikuwa ameshazikwa. Hakumwona wala hakumuaga, na hilo ndilo lililomla moyo miaka yote.

Hii ilikuwa miaka ya sabini, Nairobi ikijivunia maghorofa yake mapya. Filamu ilihusu uchawi katika jiji hilo, ya waigizaji halisi, si katuni. Kijana anaokota ufunguo unaofungua mlango wowote: wa benki, wa lifti, hata wa wafu. Mwishoni anamfungulia mama maskini. Mtoto aliyekufa anatoka, anakumbatiwa, kisha mama mwenyewe lazima amwambie arudi, la sivyo jiji lote litaangamia. Walitaka mlango wa mbao uliochakaa. Eti Nairobi nzima ilikuwa imekosa mlango mbovu! Wakaupenda wa Tata, na mwelekezi wao, kijana wa suruali pana aliyeitwa Theuri, alipomwona mwenye mlango akaacha kutafuta mwigizaji.

"Mama, wewe ita tu mtoto. Sema, 'Zuhura, kuja.' Halafu umwambie arudi. Ni hiyo tu."

Mishi, mjukuu wa Mwanasiti, jirani yake Tata, alijificha chumbani akiwa amevaa gauni jeupe. Kamera ikaanza kunguruma. Tata akasimama mbele ya mlango wake, na jina lililomtoka halikuwa Zuhura.

"Murugi! Maitu! Kuja!"

Kwa Kikuyu, "maitu" ni kusema "mama yangu". Ndivyo alivyomwita mtoto yule, kwa kuwa alibeba jina la nyanya yake, kama ilivyo desturi yetu. Mishi akatoka, akakumbatiwa, akaambiwa arudi, akarudi. Tulilia sote, na Theuri akasema jina libaki hivyo hivyo.

"Warigia, jina la maiti haliitwi mlangoni," Mwanasiti alimnong'oneza. Tata akaketi kwenye cherehani yake, akaendelea kushona.

Mwaka uliofuata filamu ilionyeshwa ukumbini Ruring'u. Niliketi kando ya Tata. Ilipofika pale penye mlango, alinishika mkono mpaka ukafa ganzi.

"Huyo si Mishi," alisema. "Angalia sweta."

Nikaangalia. Mtoto wa kwenye pazia la sinema hakuvaa gauni jeupe. Alivaa sweta ya kijani, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Tata ndiye aliyeifuma, na Murugi alizikwa nayo.

Mama wa kwenye pazia akasema, "Rudi." Mtoto akasita, akatazama huku tulikoketi, kisha akaingia ndani.

Tangu hapo Tata akaifuata filamu kila mji. Karatina, Nanyuki, Meru. Nilimsihi aache.

"Ati niache? Kila mara namfukuza mtoto yangu, na niko hapo nimekaa tu naangalia."

Onyesho la mwisho lilikuwa Timau, Jumapili alasiri. Tata aliondoka alfajiri, akafunga chumba kwa kufuli na kutia ufunguo kifuani. Ya Timau alinisimulia mwenyewe. Mlango ulipofunguka, kabla mama wa kwenye pazia hajasema neno, Tata alisimama katikati ya vibarua wa mashamba ya ngano akapiga kelele.

"Usirudi, maitu! Kaa!"

Mtoto akasikia. Akamtazama. Akaitikia kwa kichwa. Pazia likawa jeupe.

Tata alikimbia mbele, akapapasa nyuma ya kitambaa. Ukuta mtupu. Alingoja hadi ukumbi ukafagiliwa, na mabasi ya Nyeri yalikuwa yameshaondoka.

Alasiri hiyo hiyo, huku Majengo, Mwanasiti alikuwa uani akikaanga mahamri. Jua linawaka. Akasikia mtu anabisha kwa Warigia, akaenda kutazama. Mlangoni hapakuwa na mtu. Kufuli lilikuwa mahali pake. Kubisha kulitoka ndani, chini, kimo cha mtoto.

"Mami. Nimekuja. Fungua."

Majirani wakajaa. Seremala Yakubu alileta nyundo avunje kufuli, akaligusa, akarudi nyuma. Waislamu wakasoma dua. Wakristo wakaimba. Hakuna aliyefungua. Sauti ikaendelea mpaka jua likaelekea kuzama, ikishuka, ikishuka, ikawa kukwaruza tu. Kisha kimya.

Mwanasiti aliniita, na Tata aliposhuka kutoka kwenye basi kesho yake nilikuwa uani. Tulimwambia. Ufunguo ulimponyoka, akauokota, ukamponyoka tena. Chumbani hapakuwa na mtu, na kitanda kilikuwa kimetandikwa vile alivyokiacha. Lakini ubao wa mlango, upande wa ndani, ulikuwa na alama za viganja vidogo vya udongo mwekundu, bado mbichi. Za juu zilimfikia Tata kiunoni. Nyingine zilikuwa chini ya hizo, na nyingine chini zaidi, hadi karibu na sakafu, pale mtoto angefika akiwa amechoka na kuketi.

"Nilimwambia akae," Tata alisema. "Na ni mimi nimemfungia."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakufunga mlango ule tena. Wezi walichukua hata cherehani. Aliuacha wazi, mvua na baridi ya mlima ikaingia, na hakuna mwingine aliyeingia. Nilikuwa nikimkuta ameketi sakafuni, anautazama tu, na moyo wangu ulikuwa ukivunjika kila mara.

Alipofariki tulimzika kwao, na mwenye nyumba akatia kufuli lake chumbani. Baada ya matanga nilikwenda kuchukua vitu vyake. Nilifungua, nikaingia, nikageuka. Zile alama zilikuwepo, zimekauka kama siku zote. Ila kando ya ile ya chini kabisa palikuwa na kiganja kingine, kikubwa, cha udongo mwekundu ambao haujakauka. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda.