Kwanza Mahakamani, Ndipo Harusi

Dulari alikuwa akichoma biringanya wakati jirani yake, Shangazi Merle, alipoita kwenye uzio.

"Dulari! Harusi ni Jumapili, leo Alhamisi. Kadi yangu iko wapi?"

"Ingia ule, Shangazi Merle. Kadi utapata."

Kabla ya kustaafu, Shangazi Merle alikuwa karani wa mahakama. Alipoingia aliona maboksi sebuleni.

"Mbona unafungasha?"

"Nyumba si yangu tena, tangu mimi na Vishnu tulipopeana talaka. Jana mama yake Vishnu alisimama pale mlangoni, akaniambia, 'Ndoa imekufa, na hati imekufa.' Baada ya harusi nitahamia kwa mchumba wangu Ramdath, pamoja na watoto wangu wawili. Ana chumba kimoja."

"Hati gani hiyo?"

Dulari aliitoa kwenye kopo la biskuti. Baba mkwe aliiandikisha wiki moja kabla Vishnu hajamwoa. Ilisema nyumba ni ya kukaa Vishnu, mkewe na watoto wao. Ndoa ikivunjika, inakuwa ya Vishnu peke yake.

"Na vile vyumba vya juu?" aliuliza Merle.

"Nilivijenga mimi, kwa pesa za cherehani yangu. Lakini hati ina muhuri, Shangazi."

"Muhuri si amri ya Mungu! Mali hii ilitengwa kwa ajili ya ndoa yenu. Ndoa ikivunjwa kwa talaka, au ikitamkwa batili, jaji anaweza kubadilisha masharti ya hati kama hii."

"Hata kama aliyeiandika ameshakufa?"

"Hata hivyo. Jaji huwatazama watoto kwanza. Kisha hupima kila mmoja ana nini na amechangia nini."

"Kwa hiyo atanipa nyumba?"

"Sijasema hivyo. Anaweza kukupa fungu, au haki ya kukaa, au akakunyima. Lakini usipoomba, hupati."

"Basi nitaenda baada ya harusi, nikishatulia."

Merle alisukuma sahani kando.

"Ukishaolewa tena, huwezi kuomba. Ombi liingie kabla."

"Pandit wa hekaluni ameshasoma nyota! Amesema Jumapili."

"Nyota hazijasoma sheria. Kesho mahakama iko wazi."

Ijumaa asubuhi walikwenda ofisi ya msaada wa kisheria. Wakili aliandika ombi, na kabla ya saa nane mchana likagongwa muhuri mahakamani. Jumapili Dulari aliolewa. Merle alicheza mpaka akavua viatu.

Miezi tisa baadaye jaji alitoa amri. Watoto watakaa pale na mama yao mpaka mdogo amalize shule. Baada ya hapo, nyumba itagawanywa, na Dulari atapata fungu kwa ajili ya vyumba alivyojenga. Vishnu naye ana lake.

Jioni mama yake Vishnu alisimama tena mlangoni.

"Haya, niambie. Hati imekufa au haijafa?"

"Haijafa, Mama. Imerekebishwa. Wajukuu wako wametajwa kwanza."

Bibi akachungulia jikoni.

"Biringanya hiyo umeitia kitunguu saumu?"

"Ingia uonje," alisema Dulari.