Goti la Bibi, Mazoezi ya Chiriku

Kila akitoka shule, Chiriku alimtilia bibi yake uzi kwenye sindano ya cherehani. Jina hilo la utani alilipata kwa domo lake lisilotulia. Lakini siku hizi cherehani ilikuwa kimya. Bibi akikanyaga pedali, goti lilimchoma kama msumari.

"Mama, usipopata nafuu tutaiuza," mjomba alisema.

Daktari wa mazoezi alikuwa amewaeleza kwamba gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, limelika. Dawa hutuliza maumivu, na upasuaji ni hatua ya mwisho. Kwanza Bibi aimarishe misuli ya paja: aketi, anyooshe mguu, aushushe taratibu. Chiriku ndiye msimamizi.

Walipobaki wawili, Bibi alimkonyeza. "Mke mwenzangu, goti langu kuukuu, lako bado bichi. Nyoosha wewe, mimi nitahesabu."

Chiriku alicheka mpaka akakubali. Ikawa kila jioni mtoto ananyoosha, Bibi anahesabu huku anatafuna karanga. Mjomba akiuliza, Chiriku hujibu, "Tumefanya!"

Siku ya kurudi hospitali ikafika.

"Simama bila kushika kiti," daktari alisema.

Bibi alijiinua, akarudi chini puu!

Daktari alikunja uso. "Mazoezi hayajasaidia. Itabidi umwone daktari wa upasuaji."

"Basi, nitatafuta mnunuzi wa cherehani," mjomba alisema.

Bibi aliinama, akaishika kanga yake kwa nguvu. Chiriku hakuweza kuvumilia.

"Mazoezi nimefanya mimi! Bibi alikuwa anahesabu tu."

Mjomba alimgeukia Bibi. Daktari akaangua kicheko. "Kumbe nimemtibu mjukuu!"

"Niliogopa maumivu," Bibi alisema kwa sauti ndogo.

"Ungeniambia, mama," daktari alisema. "Tutaanza kidogo kidogo. Ukikaa tu, misuli hulegea na goti huzidi kuuma."

Safari hii Bibi alinyoosha mwenyewe, akinung'unika, na Chiriku akahesabu bila huruma. Goti halikurudia usichana, lakini miezi ilipopita cherehani ililia tena, asubuhi tu, mchana Bibi akipumzika.

"Bibi, hukunikasirikia siku ile?" Chiriku aliuliza.

"Nilikasirika sana! Lakini daktari hutibu anachoambiwa. Ukimpa uongo, atatibu uongo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Mimi kaniumbua mke mwenzangu. Afadhali wewe kuliko kifo, ingawa kifo hakina domo kama lako."